Solo Hiyo Kapiga Nani? Kweli na Uongo wa Magitaa Tunayoyapenda

Kazi ya kuchonga jiwe la sabuni haiyashughulishi masikio. Panga linapasua, patasi inachimba, msasa unasugua ndani ya beseni la maji, na muda wote huo redio ya jirani inalia, au spika iliyochomekwa flashi. Ndiyo maana Tabaka, huku Mugirango Kusini, ni mahali pazuri pa kubishania muziki. Ulimwengu unaijua Tabaka kwa sanamu za viboko, vibakuli na mbao za sataranji. Vibandani kwenyewe watu wanajua nani alicharaza gitaa gani katika wimbo gani, au angalau wanaapa kwamba wanajua. Egesa FM ikiweka benga ya Kigusii, mmoja atamsifu marehemu Christopher Monyoncho. Mwingine atasema Migori si mbali, heri tusikie D. O. Misiani. Mwenye flashi atamaliza ugomvi kwa kuweka rumba ya Kongo, na hapo ugomvi mpya utaanza.

Haya hapa ni madai yanayozunguka sana kuhusu solo za gitaa tunazozipenda. Machache ni kweli. Mengi ni uongo wa mapenzi: mtu anampenda mwimbaji hadi anampa na kazi ya mwenzake. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa katika muziki wetu sifa ya gitaa huenda mara nyingi kwa mtu ambaye siku hiyo hakushika gitaa kabisa.

"Masanga imepigwa na magitaa mawili."

Uongo, na ni uongo unaosamehewa haraka kuliko mwingine wowote, maana hata masikio yaliyozoea muziki hudanganyika.

Mwenye wimbo huo, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya katika Katanga, alikuwa na gitaa moja la mbao. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Hakukuwa na ujanja wa kurekodi sauti moja kisha kuibandika nyingine juu yake. Alikuwa mtu mmoja mbele ya kinasa sauti, akitumia vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na kidole cha shahada.

Isikilize kwa utulivu. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, hatua kwa hatua, bila papara. Kidole cha shahada kiko juu, kwenye nyuzi nyembamba, na hakifuati gumba kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Mahali unapotarajia sauti ya juu itue, inachelewa, kisha inatua katikati ya hatua mbili za besi. Unapodhani imepotea, inarudi mapema. Sikio linasikia safari mbili zenye mwendo tofauti, kwa hiyo linahesabu wasafiri wawili. Mwanamuziki na mtafiti David Rycroft alikaa na rekodi za Bosco mwanzoni mwa miaka ya 1960, akayaandika mapigo yake noti kwa noti, akachapisha matokeo katika jarida la African Music. John Low, naye mpiga gitaa, alifunga safari hadi Shaba, jina la Katanga wakati huo, kuwatafuta wazee wa mtindo huo, na mwaka 1982 akachapisha shajara ya safari yake. Watu hawasafiri mbali hivyo kwa sababu ya wimbo mwepesi.

Tena Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo msikilizaji wa Kenya hakuhitaji mkalimani. Aliishi Nairobi kwa kipindi fulani, akawa na kipindi chake redioni, na vijana wa huku wakajifunza kwa kutega masikio. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia.

Ukitaka kujua mbegu hiyo iliota wapi karibu na sisi, msikilize George Mukabi wa Kisa, huko Kakamega. Alikuwa na mtindo uleule wa kufanya vidole vizungumze wenyewe kwa wenyewe, ila wake una mwendo wa mbio wa watu wa Magharibi mwa Kenya, na pembeni unasikika mlio wa chupa ya Fanta ikikwaruzwa na kugongwa. Huyo wa chupa ni mtu wa pili. Gitaa ni moja tu.

"Kinachokushika kwenye Sina Makosa ni solo."

Uongo. Najua nitagombana na watu hapa.

Les Wanyika walizaliwa mwaka 1978, pale baadhi ya wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga. Mpiga solo wa kundi jipya alikuwa John Ngereza, na besi aliiungurumisha Tom Malanga. Lakini fanya jaribio. Mwombe mtu yeyote mwenye umri wa kutosha akuigizie gitaa la "Sina Makosa" kwa mdomo. Hatakuigizia solo. Atakuigizia kile kipande kinachojirudia, chepesi, chenye nafasi ndani yake, ambacho kinautambulisha wimbo kabla hata mtu hajafungua kinywa. Hilo ni gitaa la ridhimu, na aliyelikung'uta ni Omari Shabani, ambaye ndiye mtunzi wa wimbo wenyewe. Mashabiki walimwita Profesa, na hawakumpa jina hilo kwa sababu ya miwani.

Ridhimu ya Omari haipigi vyodi vizito na kunyamaza. Inavunjavunja kila chodi, inaitembeza, inaacha pengo mahali ambapo mwingine angejaza, na katika pengo hilo ndipo besi ya Malanga inapochomoza. Solo inapoingia inakuta nyumba imeshajengwa na imeshaezekwa. Tabaka tunalijua hili kwa mikono: mwanamume anachonga kiboko, anasifiwa, mama aliyekaa na beseni na msasa tangu asubuhi, akakisugua kiboko hicho kwa karatasi kali kisha kwa laini hadi kikateleza kama sabuni, hatajwi. Kiondoe kile alichofanya yeye, uone kama mtalii atakigusa kiboko hicho.

Wakongo walilijua hili mapema, wakaliwekea utaratibu. Katika bendi zao kuna solo, kuna ridhimu, na katikati yake kuna gitaa la tatu liitwalo mi-solo, ambalo kazi yake ni kusimama kati ya wawili hao na kuwashikanisha. Unaposikia OK Jazz wakiizungusha sebene, ile sehemu ya wimbo inayoachiwa magitaa, bila kuchosha, kinachokuzungusha ni magitaa matatu yanayopeana nafasi. Franco, kiongozi wao, alikuwa Franco, sikatai. Lakini Franco bila wale wengine wawili angekuwa mtu mwenye gitaa zuri mkononi, basi.

Mfano mwingine ni "Indépendance Cha Cha". Ilirekodiwa Brussels mwanzoni mwa 1960, wakati wanasiasa wa Kongo walipokuwa kwenye mkutano wa Meza ya Duara wakidai uhuru. Docteur Nico anasifiwa kwa solo yake, na anastahili. Aliyekuwa akimshikia ridhimu ni kaka yake wa tumbo moja, Déchaud. Nani Tabaka anamtaja Déchaud?

"Shauri Yako ni wimbo wa Super Mazembe."

Nusu kweli. Rekodi tunayoicheza kwenye harusi na kwenye matatu ni ya Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi na kuifanya kambi yao. Mtunzi ni Nguashi Ntimbo, aliyeurekodi wimbo huo kwanza na bendi ya Festival du Zaïre. Mazembe waliuchukua, wakauvisha magitaa yao, na magitaa hayo ndiyo yaliyoteka Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukisifu solo ya Mazembe uko sawa. Ukisema wao ndio walioutunga, umemnyima mtu haki yake.

"Jina lililo kwenye jalada ndilo la aliyepiga solo."

Mara nyingi ni uongo, na hapa ugonjwa ni wa dunia nzima, si wetu peke yetu.

Chukua "Beat It" ya Michael Jackson, ya 1982. Solo ile kali inayopasua wimbo katikati ilipigwa na Eddie Van Halen, na hakutoza hata senti moja. Chukua "While My Guitar Gently Weeps" ya Beatles, ya 1968. Wimbo ni wa George Harrison, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, lakini solo ni ya rafiki yake Eric Clapton, na jina la Clapton halikuandikwa kwenye jalada. Mtu amelia na gitaa lile maisha yake yote akidhani anamlilia Harrison.

Sasa njoo huku. Wakenya wengi walicheza kwasa kwasa ya Kanda Bongo Man hadi viatu vikaisha. Kanda ni mwimbaji. Katika albamu yake ya kwanza, "Iyole" ya 1981, gitaa linalokimbia kama mvua ya mawe juu ya mabati ni la Diblo Dibala, ambaye baadaye aliitwa Machine Gun. Kanda alifanya uamuzi mmoja mkubwa: alifupisha ile sehemu ya polepole ya rumba na kumfikisha mchezaji kwenye sebene moja kwa moja. Uamuzi huo ungekuwa hasara tupu kama asingekuwa na mtu wa kuibeba sebene hiyo mabegani.

Wapo waliobeba vyote viwili. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, kisha wa Super Volcano, aliimba, alitunga na kucharaza solo mwenyewe, na Watanzania wakamwita Soloist National. Anaposema jambo kwa mdomo katika "Shida", gitaa linalojibu ni la yuleyule aliyesema. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa hajafika hata miaka arubaini. D. O. Misiani naye, mzaliwa wa Shirati katika mkoa wa Mara, aliiongoza Shirati Jazz kwa sauti na kwa gitaa hadi ajali ya barabarani ilipomchukua mwaka 2006. Kwa hao wawili, jina la jalada halidanganyi.

"Gitaa la benga ni nyatiti iliyochomekwa umeme."

Karibu kweli, ila usiishie hapo.

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga kwenye ala yenyewe, na njuga mguuni zikajaza pengo. Vidole vyake havishiki vyodi. Vinadonoa uzi mmoja mmoja, haraka, vikirudia mzunguko mfupi ambao hubadilika kidogo kidogo. Sasa sikiliza gitaa la benga. Halishiki vyodi kwa muda mrefu, linadonoa. Linaifuata sauti ya mwimbaji, linamwachia nafasi aseme, na akimaliza linalipuka. Mlipuko huo wapenzi wa benga huuita klaimaksi: waimbaji wananyamaza, ngoma na besi zinakaza mwendo, na gitaa linapanda peke yake. Mtu aliyekulia na nyatiti anaijua njia hiyo hata akiwa amefumba macho.

Lakini benga haikunyonya ziwa moja. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilikuwa zikiuzwa Afrika, ya kwanza kabisa ikiwa "El Manisero". Kisha wakaja akina Bosco kutoka Katanga, kisha rumba ya mijini ya Kongo. Vidole vya nyatiti vilikutana na hayo yote kwenye shingo ya gitaa, na miaka ya 1960 ndipo benga ilipopata umbo tunalolijua. Anayesema benga ni nyatiti tu amesahau santuri, na anayesema ni Kongo tu amesahau kijiji.

Na hapa Gusii nina neno. Wapo wanaosimulia kana kwamba gitaa liliwakuta Abagusii mikono mitupu, na kwamba benga ya Kigusii ni ya kuazima kwa majirani tangu mwanzo hadi mwisho. Uongo. Tulikuwa na obokano. Ni ala ya nyuzi nane, ndugu ya nyatiti, lakini kubwa kuliko nyatiti na nzito zaidi kwa sauti; wapo waandishi wa muziki walioiita besi kuu ya Afrika Mashariki. Mlio wake ni wa chini, na una ukwaruzo unaotetema, kitu ambacho masikio yaliyozoea piano huweza kukidhania kasoro. Si kasoro. Ukwaruzo huo ndio unaoufanya uzi mmoja ujaze nyumba nzima. Msikilize mpiga obokano mzuri akiwa ameacha kuimba na kuiachia ala iseme: hiyo ni solo kamili, yenye mwanzo, kupanda, kuzunguka na kutua, na ilikuwepo kabla ya duka la kwanza la magitaa kufunguliwa Kisii mjini.

Kwa maoni yangu, ndiyo sababu benga ya Kigusii haina haraka ya kufika juu. Gitaa la Kiluo linapenda kuruka. La kwetu linapenda kukaa chini kidogo, lirudierudie kabla ya kupanda, na besi haioni aibu kuwa mbele. Mtu anaweza kubisha. Abishe akiwa ameisikiliza obokano kwanza.

"Gitaa la jiwe la Tabaka linaweza kupigwa."

Uongo, wala usimruhusu mtu akuuzie kwa hadithi hiyo. Gitaa lolote unaloliona limechongwa kwa jiwe la sabuni ni pambo la mezani. Gitaa la kweli linahitaji uso mwembamba wa mbao unaotetemeka uzi ukivutwa. Jiwe letu ni laini kwa kisu na zito kwa mkono, na ukilifanya jembamba kiasi cha kutetemeka litavunjika kabla ya wimbo wa kwanza kuisha. Obokano yenyewe ni mti na ngozi. Wazee hawakuwa wajinga.

"Wapiga solo wakali walipitia kwa waganga."

Uongo. Na ni uongo ambao Kisii hatuna ruhusa ya kuuchezea.

Kila nchi ina hadithi yake ya namna hii. Wamarekani wanayo ya Robert Johnson, mpiga blues aliyefariki 1938 akiwa ameacha nyimbo 29 tu zilizorekodiwa. Eti alikutana na Shetani kwenye njia panda, akamuuzia roho, akarudishiwa gitaa lililokolea. Kwanza, hadithi hiyo ilisimuliwa kuhusu mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, na aliyeisimulia ni ndugu yake. Ikaja kuhamishiwa kwa Robert, labda kwa sababu majina yanafanana. Pili, tunajua Robert alikokuwa alipopotea machoni pa watu: alikuwa akifundishwa na mpiga gitaa aitwaye Ike Zimmerman, huko Mississippi, na wawili hao walifanya mazoezi usiku makaburini kwa kuwa huko hakuna wa kulalamika kelele.

Franco aliitwa mchawi wa gitaa. Ni sifa tu, kama vile mtu anavyosema fundi fulani ana mkono wa ajabu. Njia yake inajulikana vizuri: alikuwa mtoto wa soko la Léopoldville, alijitengenezea gitaa lake la kwanza akiwa mdogo, na akafundishwa na Paul Ebengo, maarufu kama Dewayon. Mwalimu, gitaa bovu, na saa nyingi. Hakuna siri nyingine.

Nasema Kisii hatuna ruhusa kwa sababu hapa neno "mchawi" huua. Oktoba 2021, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati huko Marani, kaunti hiihii, kwa tuhuma za uchawi. Kijana akikuambia fulani hawezi kupiga vile bila msaada wa gizani, usicheke. Mwambie akae na gitaa mwaka mzima, kisha mrudie mazungumzo hayo.

"Jimi Hendrix alikwenda nyumbani kwa Docteur Nico kumpa heshima."

Hadithi hii inapendwa kote wanakopenda rumba, na naelewa kwa nini. Inasema hata Mmarekani mkali kuliko wote alijua mwalimu yuko wapi. Kwa kawaida husimuliwa kwamba ilitokea Hendrix alipokuwa ziarani Paris. Tatizo liko hapo hapo. Hendrix alipita Paris kweli, akapiga kwenye ukumbi wa Olympia mwaka 1966, 1967 na 1968. Lakini nyumbani kwa Nico kulikuwa Kinshasa, na kutoka Olympia hadi Kinshasa si mwendo wa bodaboda. Hadithi inayomweka mgeni Paris na mwenyeji Kinshasa inahitaji kutengenezwa upya kabla ya kusimuliwa.

Halafu, Nico anahitaji Hendrix wa nini? Sikiliza namna alivyotumia gitaa la Hawaii, ile sauti inayoteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika, taratibu, kama hana mahali pa kwenda. Hiyo inavunja na dai jingine dogo tunalolisikia kila siku, kwamba solo kali ni solo ya haraka. Nico angeweza kukimbia. Alichagua kutembea.

"Solo nzuri hupigwa mara moja, kutoka moyoni, bila kurudia."

Inategemea uko studio gani. "Comfortably Numb" ya Pink Floyd, ya 1979, ina solo ya mwisho ambayo wengi huiweka juu ya zote. David Gilmour aliipiga mara kadhaa, kisha akachagua vipande vilivyo bora katika kila jaribio na kuviunganisha mezani. Moyo ulikuwepo, na mkasi ulikuwepo.

Huku kwetu mkasi ulikuwa ghali. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi zikiwa zimekusanyika chumba kimoja, wote wakipiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na ngoma. Mpiga solo akikosea dakika ya tano, wenzake wote wanarudi mwanzo naye. Kwa hiyo solo nyingi za Kitanzania tunazozipenda, kwa kweli, ni za pumzi moja. Si kwa sababu walikuwa wanafalsafa. Walimwogopa kiongozi wa bendi.

"Nyimbo za zamani zilikuwa fupi, solo hazikupewa nafasi."

Uongo, na kosa ni la flashi yako.

Santuri ndogo ya mzunguko wa 45 ilikuwa na nafasi ya dakika nne au tano kwa kila upande. Bendi zetu hazikutaka kukata wimbo, kwa hiyo ziliugawa. Upande A ulikuwa na utangulizi, beti na kiitikio, kisha sauti ikafifia taratibu. Unageuza santuri, unashusha sindano, na upande B unaanza pale pale wimbo ulipokuwa umeachwa, sasa ukiwa umechemka. Ndiyo maana kwenye kitovu cha santuri nyingi za benga na za dansi utaona sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Watanzania huiita sehemu hiyo ya pili chemko, Wakongo sebene, na wenzetu wa benga klaimaksi. Majina tofauti, upande uleule wa santuri.

Watangazaji wa redio walikuwa na saa ya kufuata, wakacheza upande A na kuendelea na matangazo ya vifo. Walionakili santuri kwenye kaseti mara nyingi walifanya vivyo hivyo ili nyimbo nyingi zaidi ziingie, na waliohamisha kaseti kwenye flashi wakahamisha walichokikuta. Kwa hiyo yapo magitaa ambayo watu wamekuwa wakiyasikiliza miaka thelathini bila kuyafikia. Santuri ndefu za miaka ya 1980 zilipunguza shida hiyo, na ndiyo maana "Mario" ya Franco, ya 1985, inaweza kwenda zaidi ya dakika kumi bila kugeuzwa.

Kipimo ni rahisi. Ukiwa na benga ya zamani kwenye simu, na inafifia kabla ya dakika tano huku mwimbaji akiwa bado anaita majina ya marafiki, una nusu ya wimbo. Tafuta toleo lililounganishwa sehemu zote mbili. Ukisikiliza kwa makini utasikia mahali lilipounganishwa: sauti inazama kidogo, kuna mkwaruzo wa sindano ikitafuta mfereji, ngoma zinarudi zikiwa na nguvu zaidi kuliko zilivyoondoka, na gitaa linaingia.